Kutunza Barua Pepe Mahali Mtandao Usipofika

Watu wengi hudhani ya kuwa barua pepe ni kitu cha mjini, na ya kuwa mtu aliye mahali pasipo mtandao hana la kufanya nayo mpaka arudi mjini. Dhana hiyo si ya kweli. Barua pepe ilitengenezwa iweze kungoja njiani, kama barua ya karatasi ingojavyo ndani ya mfuko wa posta. Mtu ajuaye namna ya kuipakua barua yake na kuitunza aweza kuisoma, kuitafuta, na hata kuijibu akiwa Nyakitonto bondeni, mahali ambapo simu haionyeshi hata mstari mmoja. Asiyejua aweza kuwa na barua mkononi asiweze kuisoma, au akaipoteza kabisa.

Nimeonelea kulieleza jambo hili katika gazeti letu kwa sababu sisi wa Kidato cha Nne, baada ya mtihani wa Novemba, tutatawanyika kwenda makwetu, wengine Kibondo, wengine Kasulu, wengine mbali zaidi. Matokeo, majina ya waliochaguliwa na fomu za kujiunga na shule au vyuo siku hizi hutolewa kwa njia ya mtandao. Karatasi hiyo moja ikichelewa kusomwa, mtu aweza kukosa nafasi aliyoifanyia kazi kwa miaka minne.

Barua pepe husafirije?

Tuanze na posta tunayoijua. Kwa kawaida katika nchi yetu mtu huwa na sanduku la posta, naye huenda na ufunguo wake kulifungua. Zamani, Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, mfuko wa barua uliweza kutoka Dar es Salaam mpaka ziwani kwa gari moshi, lakini kupanda huku milimani barua zilihitaji bado miguu ya tarishi. Kila ilipofika, barua ilingoja: ilingoja gari moshi, ikamngoja tarishi, kisha ikamngoja mwenyewe aje. Hakuna aliyesema kwamba barua hiyo haifai kwa kuwa ilingoja.

Barua pepe nayo huenda hivyo hivyo. Ukiituma, haiendi moja kwa moja katika simu ya rafiki yako. Huenda kwanza kwenye kompyuta kubwa inayohudumia anwani yako, nayo huitwa seva. Seva hiyo hutazama maneno yanayofuata alama ya @, ambayo Ray Tomlinson wa Marekani alianza kuitumia katika anwani mwaka 1971, nayo hujua barua ipelekwe kwenye seva gani. Kama seva ya pili haiitikii, ya kwanza haiitupi barua. Huiweka na kujaribu tena na tena. Kanuni za intaneti hushauri iendelee kujaribu kwa siku 4 au 5 kabla ya kukata tamaa na kumwarifu aliyeandika. Seva ya pili ikiipokea, huiweka katika sanduku la mwenyewe, naye huichukua siku atakayopata njia. Basi kukatika kwa mtandao siku moja au mbili hakuui barua.

Mfano wa kwetu Afrika Mashariki

Jambo hili la kuweka na kupeleka baadaye si geni katika nchi zetu. Nyaya za baharini zenye nguvu zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, ule wa SEACOM ukiwa miongoni mwa za kwanza kufika Dar es Salaam. Lakini barua pepe ilikuwako hapa zamani kuliko hapo.

Mwaka 1984 Tom Jennings wa Marekani alianzisha mtandao uitwao FidoNet. Kompyuta za mtandao huo hazikuunganishwa mchana na usiku. Kila moja ilikusanya barua zake, ikazibana ziwe mzigo mdogo, kisha ikapiga simu ya kawaida kwa dakika chache, ikatoa mzigo wake na kupokea wa wenzake, ikakata simu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 njia hii ilitumiwa na mtandao wa ESANET, uliounganisha vyuo vikuu na watafiti wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Lusaka na Harare. Simu ya nchi za nje ilikuwa ghali mno, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyeweza kukaa mtandaoni akisoma. Kila mmoja aliandika akiwa nje ya mtandao, akasoma akiwa nje ya mtandao. Simu ilikuwa ya kubebea mzigo tu.

Mfano wa pili ni wa ajabu zaidi. Daktari Bernard Lown wa Marekani, aliyekuwa bingwa wa maradhi ya moyo, alianzisha shirika la SatelLife ili waganga wa nchi maskini wapate habari za utabibu. Shirika hilo liliendesha mtandao wa HealthNet, uliokuwa na vituo katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo. Walitumia satelaiti ndogo zilizotengenezwa na Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza. Moja ilirushwa Januari 1990, na nyingine, HealthSat-2, ikarushwa Septemba 1993. Satelaiti hizo ziliruka kiasi cha kilometa 800 juu ya nchi, zikizunguka dunia kwa muda wa dakika 100 hivi. Ilipopita juu ya kituo cha Afrika, satelaiti ilipokea barua, ikazishika tumboni mwake, na ilipofika juu ya kituo cha ng'ambo ikazishusha. Ni kama tarishi aliyekimbia angani.

Tufanye hesabu kidogo. Mwendo wa kupeleka maneno kwa satelaiti hizo ulikuwa biti 9,600 kwa sekunde, yaani herufi 1,200 kwa sekunde. Kama ilionekana kwa dakika 10 tu, herufi 720,000 ziliweza kupita. Ukurasa uliopigwa taipu una herufi 2,000 hivi. Basi ni kurasa 360. Kwa barua za daktari hiyo ilikuwa nyingi. Lakini picha moja ya simu ya leo, yenye megabaiti 3, ingehitaji dakika 40 na zaidi, na satelaiti ingekuwa imekwisha kutua upande wa pili wa mbingu. Yafaa tulikumbuke jambo hilo, maana nitalirudia.

Njia mbili za kuchukua barua

Programu za barua pepe huchukua barua kutoka kwenye seva kwa kanuni mbili. Tofauti yake ndiyo kiini cha makala haya.

Ya kwanza huitwa POP. Jina hilo kwa Kiswahili maana yake ni Kanuni ya Ofisi ya Posta, nayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1984. POP hufanya kama mtu afunguaye sanduku lake la posta, akatia barua zote kapuni na kwenda nazo nyumbani. Barua sasa ziko katika kompyuta yake, na asili ya kanuni hii ni kuliacha sanduku tupu. Faida yake ni kuwa barua zote ni zako, huhitaji mtandao tena, wala seva haijai. Hasara yake ni kuwa nyumba ikiungua, barua zote zimeungua.

Ya pili huitwa IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Katika IMAP barua asilia hukaa posta, nawe huchukua nakala. Ukisoma barua kwenye simu, kompyuta nayo itaionyesha kuwa imesomwa. Ukiihamisha kwenye folda nyingine hapa, imehamishwa kote. Faida ni kuwa simu ikipotea barua haikupotea. Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, ukifuta barua ukidhani unafuta nakala ya simu tu, umeifuta na ya posta pia. Pili, huenda programu haikuchukua nakala kamili. Imechukua kichwa tu.

Jambo hilo la kichwa ndilo lililomtesa kaka yangu. Aliomba nafasi katika chuo kimoja, na jibu likamfikia akiwa Kasulu mjini. Aliona jina la chuo na kichwa cha barua, akafurahi sana, akapanda gari kuja nyumbani kumwonyesha baba. Alipofika nyumbani na kuifungua barua, aliona pongezi na maneno ya kumtaka asome kiambatisho. Kiambatisho chenyewe, kilichokuwa na tarehe ya kuripoti na hesabu ya ada, hakikuwamo ndani ya simu. Kilikuwa bado posta. Kesho yake alipanda kilimani akapata mtandao hafifu, bando likaisha kabla faili halijashuka. Siku ya tatu alirudi mjini, akasoma, akakuta zimesalia siku nne. Baba ilimpasa kuuza magunia mawili ya maharage kwa bei aliyotaka mnunuzi, wala si kwa bei ya soko. Kaka alifika chuoni, lakini maharage yale yalikuwa mbegu na chakula chetu.

Hasara ya POP nayo imepata kuonekana. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, barua zote ziliingizwa katika kompyuta moja kwa POP, na seva ikaachwa tupu. Siku ya mvua na radi kompyuta ile ilikufa, na diski yake haikufufuka. Barua zilizokuwa ndani hazikupatikana tena popote.

Namna ya kupanga programu

Sasa nitaeleza mambo ya kutenda, kwa mpango.

Kwanza, chagua kanuni ifaayo. Kwa mtu mwenye simu na pia atumiaye kompyuta ya shule, IMAP ni bora. Mwenye kutumia POP aiamuru programu iache nakala kwenye seva. Programu nyingi zina mahali pa kuweka idadi ya siku ambazo barua iachwe huko kabla ya kufutwa. Asiweke siku chache, ila kama ana nakala nyingine mahali pengine.

Pili, amuru barua zishuke nzima. Programu ya Thunderbird, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004 nayo hutolewa bure, ina sehemu ya ulinganishaji na uhifadhi katika mipangilio ya akaunti. Hapo waweza kuchagua barua za folda zote zitunzwe ndani ya kompyuta, au za siku kadhaa za karibuni tu, na waweza kukataza barua zinazozidi ukubwa fulani. Kipimo hicho cha ukubwa ni rafiki na adui. Hulinda bando, lakini kikiwekwa chini sana huzuia fomu unayoingoja. Gmail, ikifunguliwa kwenye kompyuta kwa kivinjari cha Chrome, ina mpango wa kufanya kazi nje ya mtandao, nawe huchagua siku 7, 30 au 90 zitunzwe. Programu ya Gmail ya simu za Android nayo ina kipimo cha siku za kulinganisha.

Tatu, hakikisha kabla ya kuondoka kwenye mtandao. Fungua barua yenyewe. Gusa kiambatisho kipakuliwe, kihifadhi katika faili za simu, kisha zima data na ujaribu kukifungua. Kikifunguka wakati data imezimwa, ni chako. Kisipofunguka, bado ni cha posta. Jaribio hili huchukua dakika moja, na mtu aweza kulifanya akiwa amesimama stendi akingoja gari.

Nne, andika majibu ukiwa nyumbani. Ukibonyeza kutuma pasipo mtandao, barua haipotei. Huingia katika kikasha cha kutoka na kungoja. Mtandao ukirudi, huondoka. Thunderbird huweza pia kuamriwa iitume baadaye. Lakini usidhani imefika kwa kuwa umebonyeza. Itazame katika kikasha cha kutoka: ikiwa ingali humo, haijatoka, ikiwa iko katika zilizotumwa, imetoka.

Juu ya viambatisho na nafasi

Nilisema nitarudia hesabu ya picha. Barua pepe iliundwa kubeba herufi, si picha. Kwa hiyo kila kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kwanza: kila baiti 3 huandikwa kwa herufi 4. Basi picha ya megabaiti 3 husafiri ikiwa karibu megabaiti 4, yaani sawa na kurasa 2,000 za maneno. Mtu anayepiga picha barua iliyoandikwa kwa mkono na kuituma, badala ya kuyaandika maneno yenyewe, humpa mwenzake mzigo wa lori pale ambapo bahasha ingetosha. Ikiwa ni lazima kutuma picha, ipunguze ukubwa kwanza. Gmail yenyewe hairuhusu viambatisho vinavyozidi megabaiti 25 katika barua moja.

Tena kuna jambo la kufuta. Thunderbird kwa kawaida hutunza barua za folda moja ndani ya faili moja refu. Ukifuta barua, haikatwi mara moja. Hutiwa alama tu kuwa haitakiwi, kama mwalimu apigavyo mstari juu ya jina katika daftari la mahudhurio. Jina halionekani kuwa la darasani, lakini wino ungali pale. Ili kuirudisha nafasi ni lazima kuibana folda, na programu yenyewe ina amri ya kufanya hivyo. Mtu aliyefuta barua mia akashangaa diski haikupata nafasi, hii ndiyo sababu yake.

Seva nazo zina kipimo. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, nazo hugawanywa kati ya barua, picha na faili zake nyingine. Zikijaa, barua mpya haziingii, na aliyekuandikia hurudishiwa yake. Afadhali kuhifadhi viambatisho vya maana kwenye fleshi au diski ya pili, kisha kufuta barua nzito zisizo na kazi.

Juu ya usalama

Barua iliyotunzwa ndani ya kompyuta husomeka bila mtandao, na mara nyingi husomeka bila neno la siri pia, kwa kila mtu aketiye mbele ya kompyuta hiyo. Kwa hiyo usiwashe mpango wa kutunza barua nje ya mtandao katika kompyuta ya shule au ya kibanda cha intaneti. Hapo soma kwa kivinjari, hifadhi faili lako katika fleshi, toka katika akaunti yako, tena futa faili ulilopakua. Mpango wa kutunza ni wa simu yako au kompyuta yako mwenyewe, nayo iwe na neno la siri.

Mwisho

Wilaya zetu zimeona mabadiliko. Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme wa majenereta ya dizeli, kabla ya gridi ya Taifa kufika. Minara ya simu nayo imeongezeka. Wengine husema kwa sababu hiyo maarifa haya yatakuwa ya bure baada ya siku chache. Mimi siafiki. Hata London watu hupita chini ya ardhi katika treni, na ndege huruka juu ya bahari. Huko nako programu husoma barua zilizopakuliwa kabla. Mtandao utaongezeka, lakini mvua, radi na bando la kuisha havitakwisha.

Pendekezo langu ni dogo. Katika wiki ya mwisho ya muhula, kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne apewe nusu saa katika chumba cha kompyuta, ahakikishe kwamba anwani yake inafanya kazi, analijua neno lake la siri, na anaweza kupakua faili na kulifungua mtandao ukiwa umezimwa. Kisha, siku barua ya kuitwa itakapokuja, aandike tarehe ya kuripoti kwa kalamu katika daftari kabla ya kupanda gari. Daftari halihitaji chaji.

Wahenga walisema akiba haiozi. Wao walisema juu ya chakula ghalani. Sisi tuliosoma tuiweke na barua katika akiba hiyo, ili mzazi asiuze mbegu kwa sababu ya karatasi iliyokuwa imekwisha fika.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne